Fomu Niliyoitafsiri Nusu

Kazi yangu ilikuwa kukaa katikati. Upande mmoja aliketi mwanamke aliyetendewa ubaya, upande wa pili mgeni mwenye daftari, na mimi kati yao kwenye kiti cha plastiki, nikipokea maneno huku na kuyapeleka kule. Baba yangu ni Msamia, mama ni Mteso wa Moding, kwa hiyo Kisamia na Kiteso nilivikuta nyumbani. Kiswahili nilikiokota sokoni Busia na Kiingereza nikakipata shuleni kwa viboko. Shirika moja la ng'ambo lilipofungua ofisi mjini na kutafuta mkalimani, walinichukua siku hiyo hiyo. Nilikaa nao miaka minne. Nilikipenda kitambulisho chao cha kuning'iniza shingoni kiasi kwamba nilikivaa hata nikienda kununua mboga.

Lakini shirika silo lililonifundisha kazi yenyewe. Aliyenifundisha ni muuguzi mmoja mstaafu, mama wa miaka sitini na kitu, mnene, mwenye magoti mabovu, ambaye sote tulimwita Mama tu. Alipostaafu alikaa nyumbani wiki tatu akachoka, akaanza kuwasindikiza wanawake waliobakwa kwenda hospitali na polisi. Hakuwa na ofisi. Alikuwa na kikapu. Ndani yake mlikuwa na gauni safi, kwa sababu nguo alizokuja nazo mtu huchukuliwa kuwa ushahidi, na si haki arudi nyumbani amejifunga shuka la wodini. Mlikuwa na chupa ya uji, kipande cha sabuni, na kalamu mbili, maana polisi kila mara walisema kalamu imeisha wino.

"Usimuulize alikuwa anafanya nini pale," aliniambia siku ya kwanza nilipomfuata. "Hilo watamuuliza wengine wote. Wewe muulize kama amekula."

Muuza omena alitujia kupitia kwake. Alikuwa na miaka kama thelathini na miwili, mama wa watoto wawili. Alichukua omena, dagaa wa ziwani, kutoka Sio Port akaziuza Malaba, kwa wafanyabiashara wanaovuka kutoka Uganda na kwa kina mama wa vibanda wanaowalisha madereva wa malori. Magunia yake aliyahifadhi kwenye stoo ya mwanamume mmoja wa pale pale Malaba, mtu wa heshima, mzee wa kanisa, mwenye sauti ya upole. Alasiri moja alikwenda kutoa gunia, na yule mwanamume akafunga mlango kwa ndani. Sitaeleza zaidi ya hapo. Mwenyewe amelieleza mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na baadhi ya mara hizo mimi ndiye niliyemfanya alieleze.

Asubuhi iliyofuata tulimkuta ameketi kwenye ngazi za nyumba ya Mama. Hakuwa ameoga, kwa kuwa jirani alimwambia asioge kabla ya kupimwa. Hospitali walimpokea vizuri. Walimpima, wakampa dawa, daktari akasema atajaza sehemu yake ya ile fomu ya polisi, P3, mara tutakapoileta. Basi tukaenda kuitafuta.

Askari wa zamu alikuwa anatafuna muwa. Makapi aliyatemea kwenye gazeti lililotandazwa juu ya kaunta, karibu kabisa na kitabu cha kuandikia ripoti, na baadhi ya matone yalikuwa yamefika kwenye kitabu chenyewe.

"Unasema uliingia stoo ya mwanaume, wewe peke yako," alisema. "Kwani ulikuwa unafikiria nini?"

"Nilikuwa nafikiria omena yangu, afande."

Askari alicheka hadi maji ya muwa yakamtiririka kidevuni. Akamgeukia mwenzake. "Ati omena!" Mwenzake naye akacheka. Dada wa watu alikuwa amesimama, mkono mmoja ameshika ukingo wa kaunta, kwa sababu kusimama kulimuuma. Hapakuwa na kiti. Mama akatoka nje, akarudi akiburura benchi sakafuni kwa kelele iliyowafanya watu wote pale ndani wageuke. Akamketisha dada. Kisha akaweka kalamu yake juu ya kaunta.

"Andika," akasema.

"Mama, hii sio kazi ya hospitali."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja na kalamu yangu. Andika."

Tulikaa pale mpaka saa nane mchana, lakini aliandika. Mwenye stoo alikamatwa siku ya tatu. Siku ya tano alikuwa nje kwa dhamana, amesimama mlangoni kwa stoo yake, anawasalimia wateja.

Shirika langu lilikisaidia kikundi cha Mama: nauli ya kwenda kortini, magauni ya kikapuni, chumba cha kukutania nyuma ya duka la fundi cherehani. Nalo lilitaka hadithi. Bosi wetu alikuwa mwanamke wa kizungu wa makamo, mcheshi, aliyejua kusema "pole sana" huku ameweka mkono kifuani. Aliwapenda wanawake wetu, au pengine alipenda jinsi alivyojiona akiwa kati yao. Alipomsikia muuza omena alisema huyo ndiye.

Siku ya mahojiano dada alikuja amependeza. Alikuwa amesuka nywele upya, amevaa gauni lake la bluu la kanisani na hereni za dhahabu bandia. Bosi na mpiga picha walitazamana.

"Muulize kama ana kitu cha kawaida zaidi," bosi akaniambia.

Nikamuuliza dada kama ana nguo nyingine. Alishtuka, akajigeuza kutazama nyuma ya gauni. "Kwani hii imechafuka?"

Mwishowe waliona leso kuukuu iliyokuwa inafunika cherehani ya fundi, yenye madoa ya mafuta ya mashine. Wakamfunga hiyo juu ya gauni lake la bluu. Wakamwomba avue hereni. Akazishika ndani ya ngumi yake mahojiano yote, na nilimwona akizibana kila swali lilipokuja.

Muulize alihisi nini mlango ulipofungwa. Muulize kama alifikiria kufa. Muulize kama alilia.

"Sikulia," alijibu. "Nilihesabu magunia. Yalikuwa kumi na moja."

"Mwambie asiwe na haraka," akasema bosi kwa sauti laini. "Muulize tena."

Nikauliza tena. Akajibu vile vile. Bosi akaomba niulize mara ya tatu, kwa namna nyingine, na nikatafuta namna nyingine, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu na niliifanya vizuri. Safari hii dada hakumtazama bosi. Alinitazama mimi.

"Dada, huyu anataka nilie?"

Hilo sikulitafsiri. Nilisema kwa Kiingereza kwamba amechoka.

Kisha ikaja fomu ya ridhaa. Kurasa mbili za Kiingereza, herufi ndogo ndogo. Nilianza kusoma aya ya kwanza na kuigeuza Kisamia, polepole. Bosi akatazama saa. Gari lilikuwa linamngoja kwenda Port Victoria kabla mvua haijaiharibu barabara. "Mpe tu kwa ufupi," akasema. Nikampa kwa ufupi. Nilimwambia karatasi inasema amekubali kusaidiwa, na kwamba picha ni za kumbukumbu za ofisi.

Ningependa kuandika kwamba sikuuona ukurasa wa pili. Niliuona. Macho yangu yalipita juu ya maneno yaliyosema picha zaweza kutumiwa kwa njia yoyote, mahali popote, bila kikomo. Nilijiambia bila shaka wataficha uso, watu wote huficha uso. Na mkataba wangu ulikuwa unafikia mwisho mwezi ule. Dada akachukua kalamu akaandika jina lake herufi moja moja, ncha ya ulimi ikiwa kati ya meno, kisha akanipa karatasi mimi wala si bosi.

Miezi miwili baadaye, mkataba wangu ukiwa umeongezwa, ofisi ilipokea msichana kutoka kwao bosi, aliyekuja kujifunza kazi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mzungu, mwenye haya, anayeomba radhi hata akigongwa yeye. Alikaa kwenye hoteli moja mjini. Jioni moja, jua likiwa bado halijazama, mgeni mwingine wa hoteli alimsukumia ndani ya chumba chake akamshika kwa nguvu. Alipiga kelele, wahudumu wakavunja mlango, yule mtu akakamatwa kwenye ngazi. Waliniita nikamsaidie kuzungumza na polisi.

Nusu saa haikupita afande akaingia bustanini mwa hoteli, na alikuwa yule yule wa muwa. Safari hii shati limepigwa pasi, kofia ameibana kwapani. "Pole sana, madam," akasema. "Pole sana kabisa." Akaagiza kiti kiletwe kivulini, mbali na watu. Akaagiza maji ya chupa. Akauliza kwa adabu kama angependelea kuhojiwa na askari wa kike, maana yupo, anaweza kuitwa sasa hivi. Mfuko wa shati lake ulikuwa na kalamu mbili. Hakumuuliza alikuwa anafikiria nini. Hakumuuliza kwa nini alikuwa peke yake. Nilimtazama mtu huyu, Mteso kama mama yangu, ambaye watu wake na wangu ni wamoja, akiinama mbele ya msichana yule kama mtu anayefuta vumbi kwenye kiti cha mfalme, na nikahisi kinywa changu kimejaa mate ya uchungu. Alijua kuinama tangu mwanzo. Alimnyima dada yake mwenyewe, muuza omena.

Kesho yake bosi alituita sote, akafunga mlango. Alikuwa amevimba macho. Alisema jina la msichana lisitajwe popote, hata kwenye korido, hata kwa wema. Faili itafungiwa. Wakili anakuja kutoka Nairobi, na mshauri nasaha pia. Hakuna picha, hakuna maswali. Kila mmoja wetu akapewa karatasi ya kuahidi kutunza siri. "Hadithi ni yake," alisema bosi. "Ni yeye peke yake atakayeamua nani aijue."

Nilitia sahihi. Kila neno alilosema lilikuwa sawa. Mtu asije akadhani nilimwonea wivu yule msichana pazia lake na wakili wake, mtoto wa watu aliyekuwa anatetemeka hadi kikombe kikagonga meno. Nilitaka kila mwanamke afunikwe hivyo. Kilichonikaba ni kwamba kumbe walijua. Miaka yote nilikuwa nawatetea mbele ya Mama, nikimwambia hawa wageni hukosea kwa kutojua, wape muda. Na kumbe walijua vizuri kabisa, hatua kwa hatua, namna ya kumsitiri mtu. Walikuwa wanachagua wa kumsitiri, na walichagua kwa rangi ya ngozi. Nilikwenda msalani nikainamia sinki, nikatema mate yasiyokwisha kama mwanamke mwenye mimba changa.

Kabla ya kuandika haya niliwaomba ruhusa wote wawili. Msichana alijibu kwa ujumbe mfupi kutoka kwao: andika. Muuza omena alitaka nimsomee kila ukurasa kwanza, na kuna sehemu mbili alizosema nizitoe. Nimezitoa.

Bango lililetwa wiki ile ile tuliyotia sahihi karatasi za siri. Shirika lilikuwa linaandaa siku ya wageni kwenye ukumbi mmoja Busia, wafadhili na wakubwa wa serikali, na mimi ndiye niliyefungua mfuko. Lilikuwa bango la kusimama lenyewe, refu kunizidi, na kuanzia juu hadi kiunoni lilikuwa ni uso wake. Leso ya cherehani mabegani. Masikio matupu. Juu yake waliandika kwa Kiingereza kwamba amevunjika na tumsaidie asimame. Chini kulikuwa na hadithi, na ndani yake alilia siku tatu, na kijiji chake kikamtupa. Chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi: jina limebadilishwa ili kumlinda.

Nilipeleka habari kwa bosi. Nilimwambia uso haujafichwa.

"Alitia sahihi," akajibu, bila ubaya, akiendelea kupanga bahasha za mwaliko. "Wewe mwenyewe ulikuwepo."

Sikumwambia dada. Hilo nalo ni langu. Niliogopa siku nne, na siku ya nne, Jumapili mchana, akaja kwangu mwenyewe. Mteja wa Malaba alikuwa amemwonyesha simu. Picha ilikuwa tayari kwenye mtandao wa shirika na watu walikuwa wanapelekeana. Wanaume wa stendi ya malori walikuwa wamepata jina jipya la kumwitia, jina ambalo sitaliandika. Hakuketi.

"Ile karatasi iliandikwa nini?" aliniuliza. "Sio ile uliniambia. Ile iliandikwa."

Nilikuwa na nakala. Nikaileta, nikaisoma yote, Kiingereza kwanza, kisha Kisamia, sentensi kwa sentensi, hadi mwisho wa ukurasa wa pili. Alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Nilipomaliza akasema, "Kumbe unajua kusoma, madam."

Kabla ya siku hiyo aliniita dada. Akageuka akaenda, na mimi nikabaki na karatasi zile mkononi, mikono inanuka wino, au nilidhani inanuka.

Jumatatu nilikwenda kwa Mama nikamweleza yote. Nilitarajia atanipigia kelele. Alinisikiliza huku anachambua mboga, kisha akaniuliza siku ya wageni ni lini. Wanawake wa kikundi walikuwa wamealikwa waimbe. "Tutakwenda," akasema. "Lakini hatutaimba."

Walifika saa nne asubuhi, wanawake kumi na wanne. Muuza omena alivaa gauni la bluu na hereni zake. Ukumbini meza zilikuwa zimevikwa vitambaa vyeupe, sambusa zimepangwa, na bango limesimama kando ya jukwaa. Mheshimiwa mmoja, mtu wa hapa hapa, alikuwa anapigwa picha bega kwa bega na ule uso, sambusa mkononi, mafuta yanamng'aa mdomoni, anatabasamu. Mpaka leo nikiona sambusa nakumbuka ule mdomo.

Mama alimwendea mshereheshaji akamwambia wanawake wako tayari. Yule akadhani ni wimbo, akampa kipaza sauti. Mama akampa muuza omena. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu cha ukalimani, mbele ya wageni, na kipaza sauti changu.

"Huyu ni mimi," dada alisema kwa Kiswahili, akionyesha bango. Nikatafsiri.

"Sikulia siku tatu. Sikulia hata moja. Kijiji hakikunitupa, niko na mama yangu na watoto wangu. Na hiyo leso ni ya cherehani."

Mtu mmoja akacheka kidogo, kisha akanyamaza alipoona amecheka peke yake. Nikatafsiri yote, hata leso.

"Nimekuja kuchukua sura yangu," akasema.

Bosi aliinuka. Uso ulikuwa mwekundu lakini sauti ilikuwa ile ile laini. "Waambie tunaziheshimu sana hisia zao," aliniambia. "Waambie bango hili linawasaidia wanawake wengi kama yeye." Kisha akamwinamia mwenzake wa kutoka makao makuu, akanong'ona kwamba wanawake hawa hawaelewi mambo haya yanavyokwenda, na ni nani aliyewaruhusu kuingia.

Nikashika kipaza sauti. "Anasema wanaziheshimu hisia zenu," nikatafsiri, "na kwamba bango linawasaidia wanawake wengi. Halafu amemnong'oneza mwenzake kwamba nyinyi hamwelewi mambo haya yanavyokwenda, na anauliza ni nani aliyewaruhusu kuingia."

Bosi akanigeukia kama mtu aliyeumwa na kiti alichokalia.

"Hilo halikuwa la kutafsiriwa!"

"Anasema hilo halikuwa la kutafsiriwa," nikawaambia.

Kisha nikasema la kwangu. Nilisimama nikasema kwa Kisamia, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza, kwamba mwanamke huyu hakuwahi kukubali, kwa sababu fomu niliitafsiri nusu, na nilijua naitafsiri nusu. Kule nyuma, karibu na mlango, nilimwona yule msichana, mweupe kama kitambaa cha meza. Hadithi yake ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Sentensi moja tu ingetosha: mbona huyu mlimfunika? Ukumbi mzima ungeelewa. Mama alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana. Nikaimeza.

Muuza omena hakungoja majibu. Alikwenda kwenye bango akajaribu kulikunja, lakini hakujua linavyofungwa, likamponyoka na kujikunja lenyewe kwa kishindo ndani ya kasha lake la bati. Wageni wa mbele wakaruka. Akalibana kwapani, akatoka, na wanawake kumi na watatu wakatoka nyuma yake. Hakuna aliyewazuia. Mshereheshaji akatangaza chai.

Nyumbani kwa Mama walilitoa kwenye kasha. Dada akaomba mkasi, akaukata uso wake wote, akautia jikoni kwenye makaa. Haukuwaka kama karatasi. Ulijikunyata, ukachuruzika, ukatoa moshi mweusi wenye harufu mbaya iliyotukimbiza sote uani tukikohoa. Ule uvundo ulikaa kwenye mapazia ya Mama siku nyingi. Kile kipande kilichobaki kilikuwa turubai gumu, zuri, na fundi akakichukua kufunikia mlango wa duka lake mvua ikipiga.

Nilipokwenda kurudisha kitambulisho, kazi ikiwa imekwisha, msichana alinifuata hadi getini.

"Kwa nini hukusema habari yangu?" aliniuliza.

"Kwa sababu ni yako."

Akaanza kulia, akasema anaona aibu, kwamba hakujua, kwamba angelijua. Nikajikuta nimemkumbatia, nampapasa mgongo, nambembeleza, nikakasirika palepale kwenye kumbatio. Hata siku hii, nilijiambia, ni sisi tunaobembeleza. Lakini sikumwachia. Baadaye aliandikia makao makuu barua kali. Mama naye alipata wakili wa kujitolea aliyeandika yake. Picha iliondolewa kwenye mtandao wa shirika baada ya wiki kadhaa. Sehemu nyingine bado ipo. Niliiona mwaka jana kwenye ukurasa wa watu nisiowajua kabisa, wakiwaombea wanawake wa nchi nyingine. Bosi alihamishiwa kwingine. Walimfanyia sherehe ya kumuaga, na nasikia kulikuwa na keki.

Kesi ya mwenye stoo ilikwenda miaka miwili. Siku ya ushahidi wa muuza omena hakimu aliamuru watu watoke. Dada alihitaji mkalimani wa Kisamia kwa maswali magumu, na akaomba asiwe mimi. Nilikaa nje kwenye nyasi na Mama. Alipotoka alitueleza kwamba wakili wa mwenye stoo alitoa picha ya bango, iliyochapwa kwenye karatasi, akamuuliza kama si kweli anafanya biashara ya umaarufu. Hakimu alimwambia aiweke chini. Mwenye stoo alipatikana na hatia, akafungwa, akakata rufaa. Sasa yuko nje kwa dhamana tena, akingoja rufaa isikizwe, na stoo imefunguliwa.

Muuza omena alihamisha magunia yake. Anauza bado, na siku mbili kwa wiki anabeba kikapu cha Mama, maana magoti ya Mama yamegoma kabisa. Mimi namfuata akiniita. Bado ni madam kwake, na sijamwomba abadilishe.

Wiki iliyopita tulikuwa tunapita Malaba, yeye na mimi, na yule mwanamume alikuwa mlangoni kwake. Aliniona mimi kwanza. Akanyoosha mkono, akanisalimia kwa sauti ile ya upole. "Habari za siku nyingi, dada? Mmetupotea."

Ulikuwa mkono safi, kucha zimekatwa vizuri, pete ya ndoa imezama kwenye nyama. Niliutazama mpaka akaushusha mwenyewe. Alianza kusema kitu kuhusu msamaha, kuhusu Mungu, na watu wa duka la pili wakageuka kutusikiliza, baadhi wakiitikia kwa vichwa, wakiwa upande wake.

"Usimjibu, madam," alisema muuza omena, bila kupunguza mwendo. Alishahamishia kikapu bega la pili. "Tumechelewa. Kuna mtu ameketi hospitali tangu asubuhi, na wamesema hajala."